Shukrani ya Mavuno: Kutoka Yemen ya Muadh bin Jabal (r.a.) hadi Nyanda za Ufipa

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.t.), aliyeitandaza ardhi, akateremsha mvua na kuotesha kwayo riziki za waja Wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba zake wote. Ama baad:

Sababu ya makala hii

Huku kwetu Ufipa mvua ni za msimu mmoja. Huanza kunyesha Novemba na kukatika Aprili, na kuanzia Mei hadi Julai watu wako mashambani wakivuna mahindi. Hapa Chanji, katika Manispaa ya Sumbawanga, miezi hiyo ndiyo miezi ya shukrani. Magunia yanaingia majumbani, nyuso zinakunjuka, na jioni utasikia kwamba kwa fulani kuna khitma na kwa fulani kuna dua ya mavuno. Sisi tuliopewa amana ya kusomesha watoto na kutangulia mbele ya jamaa katika Swala ndio tunaoalikwa wa kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita tulialikwa nyumbani kwa mzee mmoja, mtu wa safu ya mbele msikitini, asiyekosa Alfajiri hata katika baridi ya mwezi wa Juni. Alikuwa amevuna vizuri. Alichinja mbuzi wawili, Qur'ani ikasomwa, tukala tukashiba, tukaomba dua. Tulipokuwa tunaaga alitushika mkono akatuuliza kwa sauti ya chini: "Sheikh, sasa nimeshatoa haki ya Mungu katika mavuno haya?" Tukamjibu: "Insha Allah, mzee wetu, Mungu amepokea." Nyuma ya ukuta tuliokuwa tumeuegemea kulikuwa na magunia arobaini ya mahindi. Hatukuuliza habari zake. Kabla ya mavuno ya mwaka uliofuata mzee yule alirejea kwa Mola wake.

Wanawe walipotuita tuwasaidie kugawa mirathi, ilitulazimu kuwaeleza kwamba liko deni linalotangulia mgao wa warithi, nalo ni Zaka ambayo marehemu hakuitoa. Mkubwa wao alitusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema: "Sheikh, tumekuelewa. Lakini mbona hukumwambia yeye mwenyewe alipokuuliza?" Siku ile hatukuwa na jibu. Tunaandika makala hii ili yeyote atakayeulizwa swali kama lile asijibu kama tulivyojibu sisi.

Maana ya shukrani

Neno la Kiarabu "shukr" katika asili yake halikuwa neno la ulimini peke yake. Wanazuoni wa lugha wanasema Waarabu humwita mnyama "shakur" anapopewa malisho machache naye akaonekana amenenepa. Na ngamia jike aliyejaa maziwa kiwele husifiwa kwa neno la mzizi huo huo. Kwa hiyo shukrani, kwa Waarabu wenyewe, ilikuwa ni athari ya neema kuonekana juu ya aliyeneemeshwa. Mnyama yule hasemi neno, lakini malisho aliyopewa yanaonekana mwilini mwake, na maziwa yake yananyweka na wengine.

Kutokana na maana hiyo wanazuoni wakatofautisha baina ya "hamd" na "shukr". Hamdu ni sifa ya ulimi, na mtu husifiwa kwa wema wake hata kama hukunufaika naye. Shukrani ni kwa neema iliyokufikia, lakini makazi yake ni matatu: moyo unaokiri, ulimi unaotaja na viungo vinavyotenda. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), katika kitabu chake Ihyaa Ulumid-Din ameipanga shukrani katika daraja tatu zinazozaana: elimu ya kujua kwamba neema imetoka kwa Allah, hali ya moyo inayotokana na elimu hiyo, na amali inayotokana na hali hiyo, yaani kuitumia neema katika lile analolipenda Mwenye kuitoa.

Qur'ani imeliweka jambo hili wazi. Katika Suratu Saba', aya ya 13, Allah (s.w.t.) anawaamrisha watu wa Nabii Daud (a.s.) watende kwa kushukuru, kisha anatujulisha kwamba wachache katika waja Wake ndio wenye kushukuru. Tuzingatie kwamba amri ile imekuja kwa neno la kutenda. Laiti shukrani ingetosha kwa kusema Alhamdulillah, wanaoshukuru wasingekuwa wachache, kwa maana hilo ni neno jepesi na wote tunalisema.

Watu wa Saba'

Baada ya aya hiyo, tangu aya ya 15, Allah (s.w.t.) anatutolea mfano, na mfano wenyewe ni wa wakulima. Watu wa Saba' walikaa Yemen, mji wao mkuu ukiwa Ma'rib. Walikuwa na bustani upande wa kulia na upande wa kushoto, wakaamrishwa wale riziki ya Mola wao na wamshukuru. Wakapuuza, yakateremshwa juu yao mafuriko ya bwawa, na bustani zile zikageuka kuwa miti ya matunda machungu na mikunazi michache.

Bwawa la Ma'rib si hadithi ya kale tu. Mabaki ya malango yake ya mawe yapo mpaka leo, na maandishi yaliyochongwa kwenye mawe yanaonesha kwamba lilibomoka na kutengenezwa zaidi ya mara moja. Miongoni mwa waliolikarabati ni Abraha, yule wa habari ya tembo, katikati ya karne ya 6 Miladia. Baadaye lilibomoka na halikutengenezwa tena, na mashamba yaliyolitegemea yakakauka.

Mfano wa pili wa wakulima umo katika Suratul Qalam, aya ya 17 hadi 33. Ni habari ya wenye shamba walioapa kuvuna alfajiri kabla maskini hawajafika. Wakaenda wakinong'onezana asiingie maskini hata mmoja, wakalikuta shamba limeteketea. Watu wale hawakusema kwamba Mungu hayupo. Walichoficha ni saa ya mavuno tu. Ndipo tunapoelewa kwa nini katika Suratul An'am, aya ya 141, haki ya mazao imefungamanishwa na siku ya kuvuna, kwa sababu siku hiyo ndiyo siku ambayo nafsi huwa na furaha na uchoyo kwa wakati mmoja.

Muadh bin Jabal (r.a.): ulimi na mkono

Sasa tuingie katika kiini cha makala yetu. Muadh bin Jabal (r.a.) alikuwa kijana wa Kiansari wa kabila la Khazraj, na alisifika kwa ujuzi wake wa halali na haramu. Imepokewa na Abu Daud na Nasai kwamba Mtume (s.a.w.) alimshika mkono, akamwambia kuwa anampenda, kisha akamuusia asiache kila baada ya Swala kumuomba Allah amsaidie katika kumtaja, kumshukuru na kumuabudu vizuri. Dua hiyo tunaisoma sote misikitini mwetu baada ya Swala, na watoto wa madrasa wanaihifadhi.

Lakini ni wangapi kati yetu wanaokumbuka kwamba Muadh huyu huyu aliyefundishwa dua ya shukrani ndiye aliyetumwa Yemen kukusanya Zaka? Hayo yalikuwa mwishoni mwa uhai wa Mtume (s.a.w.), kabla ya Hija ya Kuaga. Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), aliagizwa awalinganie watu kwenye Tauhidi, kisha Swala, kisha awajulishe kwamba Allah amewafaradhishia sadaka inayochukuliwa kutoka kwa matajiri wao na kurudishwa kwa mafukara wao. Akatahadharishwa pia asichukue mali zao zilizo bora kabisa, na aiogope dua ya aliyedhulumiwa.

Hivyo Swahaba mmoja alibeba mambo mawili: shukrani ya ulimi baada ya Swala, na shukrani ya mkono kwenye mavuno. Na nchi aliyopelekwa ndiyo ile ile ya Saba', ambao mababu walilimiliki bwawa na wakakosa shukrani. Wajukuu wa nchi hiyo waliipokea kutoka kwa Muadh elimu ya nini mkulima anadaiwa.

Abu Ubaid al-Qasim bin Sallam, aliyefariki mwaka 224 Hijria, amepokea katika Kitabul Amwal habari nyingine, ingawa isnadi yake ina mkatiko. Katika zama za Umar (r.a.) Muadh alimpelekea Madina theluthi ya Zaka ya watu wa Yemen. Umar akalikataa jambo hilo, akamkumbusha kwamba hakumtuma kuwa mkusanyaji wa kodi, bali achukue kwa matajiri na awarudishie mafukara wa huko huko. Muadh akajibu kwamba hakupeleka kitu hali ya kuwa yupo mtu wa kukipokea. Mwaka wa pili akapeleka nusu, na mwaka wa tatu akapeleka yote, jibu lake likiwa lile lile. Shukrani ya matajiri wa nchi ile ilikuwa imewatosheleza maskini wake.

Kutoka Yemen hadi Ufipa

Elimu hiyo ilitufikiaje sisi tulio baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa? Njia yake inaanzia tena Yemen. Kwa karne nyingi masharifu na wanazuoni wa Hadhramaut walivuka bahari kuja Lamu, Pate, Ngazija na Unguja, wakaja na madh-hebu ya Imamu Shafii na vitabu vyake. Katika vitabu hivyo kipo kidogo kinachojulikana kila madrasa, Safinatun Najaa, alichokitunga Sheikh Salim bin Sumair wa Hadhramaut, aliyefariki Batavia, yaani Jakarta ya leo, katika karne ya 19.

Kutoka pwani Uislamu ulipanda bara kwa njia za misafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, na kutoka hapo kufuata ufuko wa Ziwa Tanganyika kuelekea kusini. Hatuna budi kusema kweli kwamba misafara ile ilibeba pembe za ndovu na watumwa, na dhuluma ile haisafishwi na kuwa miongoni mwa wasafiri walikuwemo wenye kuswali. Tunamshukuru Allah kwa uongofu, wala hatuifanyi dhuluma kuwa sehemu ya neema.

Waislamu wa mwanzo wa miji ya bara wengi wao walikuwa watu wa biashara. Wafipa walikuwa wakulima. Msafiri wa Kiskochi Joseph Thomson, aliyepita nchi hii mwaka 1880, aliandika kwamba katika makabila aliyoyaona hakukuta lililojitoa zaidi katika kilimo kuliko hili. Wazee wetu walikuwa na elimu ya ardhi. Mvua zinapokaribia kwisha walifukia majani chini ya matuta ya mviringo waitwayo ntumba, yakaoza yakawa mbolea, na msimu unaofuata wakayasambaza na kupanda ulezi.

Hapo ndipo tunapodhani kosa letu limeanzia. Mfanyabiashara alipofundishwa Zaka alifundishwa ya fedha na ya bidhaa, kwa kuwa hiyo ndiyo mali yake. Alipomsilimisha mkulima alimfundisha Swala, Saumu na Zakatul Fitri. Zaka ya mazao ikabaki kitabuni. Na katika Safina mlango wa Zaka ndio wa mwisho wa kitabu cha asili, kwani mlango wa Saumu uliongezwa baadaye na Sheikh Nawawi wa Banten, mwenye sharhe ya Kashifatus Sajaa. Anayesomesha anajua jinsi milango ya mwisho inavyosomwa: mwanafunzi ana hamu ya kuhitimu na mwalimu ana hamu ya kuanza kitabu kingine. Mali zinazotolewa Zaka zimetajwa pale kuwa ni aina sita, na aina ya tatu ni "al-mu'ashsharaat". Tumewasikilizisha watoto neno hilo miaka mingi. Wakituuliza maana yake tulisema "mazao", tukaendelea mbele. Neno lenyewe linatokana na "ushr", sehemu ya kumi, na maana yake ni vile vinavyotolewa sehemu ya kumi. Hatukuwahi kuwatoa nje tukawaonesha gunia.

Je, mahindi yamo?

Atauliza muulizaji: mahindi hayakuwepo zama za Mtume (s.a.w.), yametoka wapi katika Zaka? Swali hilo ni la haki. Mahindi asili yake ni Amerika, na hayakuvuka bahari ila baada ya safari za Columbus zilizoanza mwaka 1492. Wareno ndio waliohusika zaidi kuyaleta pwani zetu. Neno "dhura", ambalo Waarabu wengi leo hulitumia kwa mahindi, katika vitabu vya kale lilikuwa na maana ya mtama. Mwanafunzi wa Kiarabu asilipite neno hili bila kulizingatia.

Wanazuoni wamekhitalifiana. Imepokewa Hadithi kwamba Muadh na Abu Musa (r.a.) waliagizwa wasichukue Zaka ila katika vitu vinne: ngano, shayiri, tende na zabibu. Kwa dhahiri yake wako waliosema hakuna Zaka katika nafaka nyingine, na hiyo imenasibishwa kwa Hasan al-Basri. Kwa upande mwingine, Bukhari ametaja bila isnadi kamili kutoka kwa Tawus kwamba Muadh aliwaambia watu wa Yemen wamletee nguo badala ya shayiri na dhura, kwa kuwa ni wepesi kwao na ni manufaa kwa Maswahaba wa Madina. Ikiwa dhura ilikuwa inachukuliwa, basi idadi haikuishia vinne.

Imamu Shafii (r.a.) aliangalia sababu. Akasema Zaka inawajibika katika kile ambacho watu wanakipanda, kinakaushwa, kinawekwa akiba na kinaliwa kuwa chakula kikuu katika hali ya kawaida. Kwa kipimo hicho mahindi ya Ufipa yamo bila shaka, na ulezi, mpunga na maharage navyo vimo, kila kimoja kwa nisabu yake. Imamu Malik na Imamu Ahmad (r.a.) nao wanaiingiza nafaka ya namna hii. Imamu Abu Hanifa (r.a.) amepanua zaidi, akawajibisha karibu kila kinachopandwa kwa makusudi, bila kuweka nisabu. Alizeti kwa Shafii haimo kwa kuwa si chakula kikuu, na kwa Abu Hanifa imo.

Kiasi na hesabu yake

Nisabu imethibiti kwa Hadithi ya Abu Said al-Khudri (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, nayo ni wasaki 5. Kila wasaki ni pishi za Mtume 60, jumla pishi 300. Wanazuoni wengi wa zama zetu wamekadiria kuwa ni takriban kilo 653 za ngano, na kwa mahindi tunachukua kiasi hicho hicho kwa kukadiria. Kwa gunia la kilo 100 ni magunia sita na nusu. Tunasisitiza kipimo kiwe mizani, kwa sababu gunia la lumbesa halina kilo 100. Anayehesabu lumbesa kuwa gunia moja anapotoa Zaka, na anayemlazimisha mkulima lumbesa anaponunua, wote wawili wasome Suratul Mutaffifin.

Kinachotolewa, kwa Hadithi ya Ibn Umar (r.a.) iliyopokewa na Bukhari, ni sehemu ya kumi kwa shamba la mvua, na nusu yake kwa shamba la kumwagilia kwa gharama. Mwenye magunia 40 yaliyopandwa kwa mvua anatoa 4. Mwenye magunia 5 hana Zaka juu yake, na akitoa debe moja ni sadaka yenye malipo. Zaka inawajibika punje zinapokomaa na kuwa ngumu, na hutolewa baada ya kukaushwa na kupukuchuliwa. Haingojwi mwaka.

Lipo swali la gharama, na kwa mkulima wa leo ni swali zito, kwani analima kwa ng'ombe wa kukodi au trekta na kwa mbolea ya mkopo. Katika madh-hebu ya Shafii gharama hazitolewi, na hiyo ndiyo njia ya kujitakasa zaidi. Lakini imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba aliyekopa kwa ajili ya shamba analipa kwanza mkopo huo kisha anazakia kilichobaki, na Ibn Umar (r.a.) akaongeza hata alichokopa kwa ajili ya watu wake. Ataa bin Abi Rabah naye aliona gharama ziondolewe, na katika wanazuoni wa karibuni Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki mwaka 2022, ameitilia nguvu kauli hiyo. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba ameiacha Zaka yote kwa sababu ya deni la mbolea. Atoe deni hilo akifuata kauli hii, kisha ahesabu kilichobaki.

La mwisho ni bei. Mwaka 2017 mahindi yalizuiwa kuuzwa nje ya nchi na bei ikaanguka mikoa yetu ya nyanda za juu kusini. Tulisikia watu wakisema, "Mwaka huu hakuna cha kushukuru, mahindi hayana bei." Hekima ya sharia inaonekana hapa. Zaka ya mazao imewekwa kwa kipimo cha chakula, haikuwekwa kwa bei ya soko. Bei ikishuka, hukutakiwa kulipa shilingi ambazo hukuzipata. Umetakiwa gunia moja katika kumi, nalo unalo, na maskini analila gunia hilo kwa shibe ile ile, bei ikiwa juu au chini. Asili katika madh-hebu yetu ni kutoa nafaka yenyewe. Waliojuzisha thamani, nao ni Mahanafi, wanashikilia habari ya Muadh na nguo za Yemen, na Mashafii wanajibu kwamba Tawus hakumdiriki Muadh.

Nafasi ya khitma na sijda

Asije mtu akafahamu kwamba tunayapinga mengine. Kuwakusanya majirani na kuwalisha ni wema, na wengi wa majirani zetu hapa ni Wakatoliki, tunakula nao na kuzikana. Sadaka ya hiari na hata gunia la zawadi linaweza kumfikia jirani asiyekuwa Muislamu, ingawa Zaka ina watu wake waliotajwa katika Suratut Tauba, aya ya 60. Sijda ya shukrani nayo ni Sunna kwa Shafii na Ahmad. Abu Bakra (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa likimjia jambo la furaha huporomoka kumsujudia Allah, na Kaab bin Malik (r.a.) alisujudu ilipomfikia habari ya kukubaliwa toba yake baada ya Tabuk. Mkulima anayesujudu kwenye ukingo wa shamba lake amefanya jema.

Lakini jema la hiari halibebi faradhi iliyoachwa. Mbuzi wawili waliochinjwa na kuliwa na sisi tulioshiba hawakuwa badala ya magunia manne. Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) habari ya mtu aliyesikia sauti katika wingu ikiliamrisha likanyweshe shamba la fulani. Akalifuata wingu mpaka akamkuta mwenye shamba, akamuuliza siri yake. Mtu yule akamweleza kwamba hutazama kinachotoka shambani, theluthi akaitoa sadaka, theluthi akala yeye na watu wake, na theluthi akairudisha shambani. Hakutaja mbegu ya ajabu wala dua ya pekee. Alitaja mgao.

Hitimisho

Ndugu zetu maimamu na walimu wa madrasa, sisi ndio tunaoitwa kwanza kwenye chakula cha mavuno, basi na tuwe wa kwanza kuuliza: umepata magunia mangapi? Umeyapima? Nani katika mtaa huu hana kitu? Maneno hayo ni mazito kuyasema ukiwa umekaa kwenye jamvi la mtu na sahani yake iko mbele yako, lakini ndiyo amana yenyewe. Na tuwafundishe watoto mlango ule wa mwisho wa Safina tukiwa na gunia na mizani.

Wana wa yule mzee walikubali. Mtume (s.a.w.), alipoulizwa juu ya ibada aliyofariki nayo mtu bila kuitimiza, alijibu kwamba deni la Allah lina haki zaidi ya kulipwa. Walipiga hesabu ya mavuno yale na ya misimu mingine waliyoikumbuka, wakaitoa kabla ya mirathi kugawanywa. Gunia moja lilipelekwa kwa mama mjane wa mtaa ule ule. Tulipofika mlangoni kwake tukamtambua. Ndiye aliyekuwa akiosha masufuria siku ya khitma, huku sisi ndani tukiitikia Amin. Alisema Alhamdulillah, akawaombea marehemu na wanawe. Sisi tulirudi nyumbani tukiwa kimya.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) amsamehe mzee wetu, atusamehe nasi kwa jibu tulilompa, na atusaidie kumtaja, kumshukuru na kumuabudu vizuri, kama alivyofundishwa Muadh. Wabillahi tawfiq.